Laini ya Gongoni Inakatika

Gongoni, Tabora
14 Novemba 2005

Kaka Amon,

Shikamoo. Mimi mzima, Levina mke wangu mzima, na huko Tura mama anasema kifua kimepungua tangu mvua zianze. Wamepanda mahindi upande wa reli, mpunga bado. Anakusalimia sana, anauliza kama unakula.

Mashine imefika. Nilikaa stesheni mpaka wakafungua behewa la mizigo, nikaliona boksi uliloandika jina langu kwa rangi nyekundu. Nikalibeba mwenyewe kichwani mpaka nyumbani, mkokoteni sikutaka maana unaruka. Hakuna kilichovunjika. Nimeiweka sebuleni, kwenye meza aliyokuwa anaandikia marehemu baba mkwe, kwa sababu waya wa simu unatokea pale ukutani. Kile kiboksi chenye taa, modemu, nimekiweka juu yake kama ulivyochora.

Kaka, haipigi. Naandika lile neno wvdial kama lilivyo kwenye karatasi yako, nabonyeza, taa zinawaka, halafu inaandika NO DIALTONE. Narudia, inaandika hilo hilo. Levina anasema maana yake simu haina mlio. Lakini simu yenyewe nikiinua mkono wake inalia vizuri tu. Mimi nasikia, mashine haisikii nini? Anton mwenye studio ya picha mtaa wa Ng'ambo alikuja kuitazama, akasema hii Linux ni ya wazungu wabahili, nifute aniwekee ile ya kawaida. Sijamruhusu.

Nakueleza kwa nini nina haraka. Unajua nakaa ukweni. Watu wa Tura wakisikia wanacheka na mimi siwalaumu. Mzee Lugembe, mjomba wake Levina, alikuja Jumapili baada ya ibada, akaitazama mashine, akauliza inafanya nini. Nikamwambia wenye ndugu mbali watakuja kutuma barua na zitafika saa hiyo hiyo. Akasema vizuri. Akasema nyumba ya dada yake haiwezi kulisha mwanamume anayekaa kwenye kiti. Mpaka Pasaka kama hakuna kazi inayoonekana, nirudi Tura nikalime, na Levina abaki hapa kwa mama yake. Alisema polepole tu, akamalizia chai yake.

Nilikuwa naangalia kikombe.

Usipige simu. Kuongea kwenye simu ya nyumba hii nikiwa mkwe, sauti hainitoki. Andika.

Mdogo wako,
Fikiri


Dar es Salaam
2 Desemba 2005

Mdogo wangu Fikiri,

Marahaba. Mwambie mama nakula. Huku joto limeanza na maji ya bomba yanakuja yakipenda. Mengine ni ya kila siku.

Mashine haina ubovu. Imetengenezwa mbali, inasubiri mlio wa simu za huko kwao. Wa kwetu inausikia lakini haiukubali. Basi iambie isisubiri, ipige tu. Fungua lile faili la wvdial, tafuta mstari unaoanza na Init2, nenda mpaka mwisho wake, ongeza X3. Herufi kubwa. Hifadhi, funga. Usiguse kingine chochote, wewe nakujua.

Anton mwambie hiyo yake ya kawaida ni ya kunakili, virusi vikiingia atakuja kuomba ya wabahili.

Kuhusu Lugembe, usibishane naye. Mashine ikishaongea yeye atanyamaza.

Kaka yako,
Amon


Gongoni
19 Desemba 2005

Kaka,

Shikamoo, na Krismasi njema kama barua itaiwahi. Mama alikuja kwa treni kutuletea viazi. Akalala kwa jirani, ukweni kwa mwanawe hawezi kulala, asubuhi akarudi. Amekonda kidogo lakini mdomo ule ule.

Nimeweka X3. Imepiga.

Ililia kama mtu anakwangua sufuria kwa kisu, halafu ikawa kama mvua juu ya bati, halafu kimya. Taa ya CD, ile ya kuonyesha imeshika, ikawaka ikatulia. Levina alikuwa amesimama nyuma yangu, akanishika bega. Tukafungua ukurasa, ukaanza kushuka taratibu kama pazia, kikatokea kichwa cha mtu, nywele, paji la uso, macho. Hapo taa ikazimika. Mpaka leo sijui yule mtu alikuwa nani.

Tangu siku hiyo ndiyo mchezo wake. Inashika, inakaa kidogo, inakata. Inaandika mstari mrefu ambao nakunakilia mwanzo wake: The PPP daemon has died. Mimi niliishia la tano, lakini Levina ana kidato cha nne, akachukua kamusi, akasema hapo kuna pepo na amekufa. Tulicheka. Akaenda kumsimulia mama yake jikoni, na mama yake hakucheka. Alhamisi akina mama wa Moravian wakaja, wakaizunguka mashine, wakaomba. Mimi nilikuwa nje juani nyuma ya choo, kwa kuwa Mkwe, mama yake Levina, alikuwa sebuleni.

Nyumba ni ndogo, kaka, hiyo ndiyo shida. Kwetu mama mkwe hatazamwi, unajua. Tangu nimeoa sijauona uso wake vizuri, wala yeye wangu. Akiwa sebuleni mimi napita nje. Nikiwa mimi sebuleni, yeye anakaa huko uani jikoni kwake mpaka nitoke. Tunakwepana kama treni mbili kwenye reli moja. Jina lake sijawahi kulitamka na hapa silitaji.

Baada ya maombi nilipiga tena. Ikashika. Kabla hawajamaliza chai yao uani, ikakata.

Fikiri


Dar es Salaam
11 Januari 2006

Mdogo wangu,

Marahaba. Krismasi imepita kama ilivyopita. Barua zangu sasa tuma kwa Justus, Buguruni, anwani iko nyuma ya bahasha, ya posta na ya intaneti. Kwa anwani ya kazini, ya karakana, usitume.

Wape akina mama asante, lakini huyo siye wanayemjua wao. Ni kiprogramu kinachokaa nyuma na kushikilia mazungumzo. Simu ikikatwa, nacho kinakufa. Kwa hiyo usiulize nani kafa, uliza nani kakata.

Justus ninayekaa naye anasema inaweza kuwa waya umechakaa, ubadilishe. Au kasi ni kubwa kuliko laini, ishushe, pale palipoandikwa Baud weka namba ndogo inayofuata. Au kuna simu nyingine ndani ya nyumba kwenye laini hiyo hiyo na mtu anaiinua. Hata akiinua kusikiliza tu, mazungumzo ya mashine yanavurugika. Angalia nyumba nzima.

Mama mwambie nakula.

Amon


Gongoni
30 Januari 2006

Kaka,

Shikamoo. Levina alipata homa akapona. Mama Tura anasema mahindi yamefika kiunoni na nguruwe pori wameanza.

Waya nimebadilisha. Kasi nimeshusha mpaka ukurasa unachoka wenyewe. Nyumba nzima nimeangalia, simu ni hii moja ya sebuleni. Nilikwenda ofisi ya simu, fundi akaja akapanda nguzo, akateremka akipangusa mikono, akasema laini yenu nzima kuliko mimi.

Na inakata, kaka.

Nimeichunguza. Asubuhi mapema haikati. Vitunguu vikianza kunukia huko uani, inakata. Jumapili Mkwe akiwa kanisani inakaa mpaka mimi mwenyewe naichoka. Nimewaza labda ni jua, waya wa nje ukipata joto unalegea. Lakini Jumapili nayo kuna jua.

Kuna mama mmoja wa Ng'ambo ana mtoto Kigali. Alikuja tumwandikie. Levina akachapa maneno yote, tukapiga, ikakata. Tukapiga, ikakata. Yule mama alikaa na subira yake, mwishowe akajifunga kanga akasema atapeleka posta. Aliniaga vizuri, ingekuwa afadhali angenitukana.

Mzee Lugembe aliyaona hayo. Akasema, "Babu zetu walibeba pembe kwa miguu kutoka hapa mpaka Bagamoyo, wakarudi, na habari zikafika. Wewe umekaa kwenye kiti chenye mto, habari haivuki Ng'ambo." Watu wakacheka. Mimi pia ilibidi nicheke.

Kaka, si uje? Siku mbili tu. Unapanda treni, unaikagua kwa mkono wako, unarudi. Na nauliza jingine. Naona sasa kila kitu ni Justus anasema. Wewe unasemaje?

Fikiri


Dar es Salaam
20 Februari 2006

Mdogo wangu,

Marahaba. Pole kwa homa ya shemeji. Nguruwe pori waambie wawashe moto pembeni.

Nimechoka, Fikiri. Nikikuandikia neno moja inanichukua wiki tatu kujua umelikosea. Hapa naongea na mashine ambayo siioni, kupitia kwa mtu asiyejibu nilichouliza.

Fanya hivi, na hili ni langu mimi, si la Justus. Pale ulipoweka X3 ongeza M2. Spika ya modemu itabaki wazi muda wote, haitanyamaza ikishashika. Itakupigia kelele, vumilia. Kaa usikilize. Kabla haijakata lazima kuwe na kitu. Mkwaruzo ni waya. Milio mifupi mifupi ni mtu anawapigia. Uniandikie unachosikia, usiniandikie unachowaza.

Amon


Gongoni
9 Machi 2006

Kaka Amon,

Shikamoo. Mvua nzuri huku. Levina mzima, anashona mapazia ya kanisa. Mama Tura mzima, nguruwe wamekula mstari mmoja wakaridhika. Jirani yetu amefiwa na shangazi, tulikwenda kulala msibani.

M2 niliiweka, na nimesikiliza. Mashine haina kosa, wewe pia huna. Nakuomba tuliache.

Fikiri


Dar es Salaam
24 Machi 2006

Fikiri,

Marahaba.

Tuliache vipi? Nimeuza nini na nini kununua mashine hiyo hukuniuliza, sawa. Lakini unaniandikia mapazia ya kanisa na shangazi wa jirani, halafu jambo lenyewe mstari mmoja. Pasaka inakaribia. Unataka kumpoteza mkeo kwa sababu ya kiboksi?

Ulisikia nini?

Amon


Gongoni
5 Aprili 2006

Kaka,

Shikamoo. Usinikasirikie. Nilikuwa natafuta namna ya kuandika bila kumtaja, nikashindwa.

Ilikuwa wakati wa kupika cha mchana. Spika inapiga kelele yake ya mvua, sawasawa, nimeizoea. Halafu tak. Halafu kifuniko cha sufuria. Ndani ya spika, kaka. Halafu sauti ya mwanamke karibu kabisa, anajisemea peke yake, "Bado yumo." Na ikakata.

Nikaizima, nikatoka kwa mlango wa mbele, nikasimama ubavuni kwa jirani. Haikupita hata muda, Mkwe akatoka uani na karai la nguo, akakatiza sebule, akaenda kuanika mbele.

Jioni nikamuuliza Levina kwa kuzungukazunguka, hivi baba alipokuwa kazini reli, wakimhitaji wakati anakula walimpataje. Akasema kwani si kwa ile simu ya jikoni, baba aliivuta mwenyewe ili asiache chakula kikapoa.

Ipo jikoni. Niliposema nimeangalia nyumba nzima sikukudanganya. Jikoni kwa mama mkwe siyo mahali mkwe anatia mguu, basi niliihesabu nyumba bila jiko. Wala sikuuliza.

Sasa nimeelewa. Zamani Levina akiwa nyumbani ndiye aliyekuwa anamwambia mama yake kama nimetoka. Siku hizi Levina anashinda kwenye kushona. Mkwe akitaka kupita anainua mkono wa simu. Akisikia kelele ya mashine, nipo, anabaki huko. Akisikia mlio wa kawaida, nimeondoka, anapita. Anafanya kwa heshima, asije akanikuta uso kwa uso. Hajui kwamba akiinua ananikata. Nami nikikatwa napiga upya, kwa hiyo nazidi kukaa, naye anazidi kuinua.

Utasema nimwambie Levina. Levina atamwambia mama yake, na mama yake atajua kwamba nimejua ananisikiliza. Mtu mzima yule, mke wa marehemu. Hataweza kuishi na mimi nyumba moja hata siku moja. Nikisema naondoka, nikinyamaza naondoka.

Nilijaribu ujanja. Nikawa nakohoa kila baada ya muda, ili asikie nipo bila kuinua simu. Baada ya siku mbili hivi Mkwe akamtuma Levina na tangawizi. Ya tatu akatuma niende hospitali nikapimwe kifua. Mzee Lugembe naye akasikia, akamuuliza Levina kama wakati wa kuoana niliwaficha ugonjwa. Nimeacha kukohoa.

Jumatatu ya Pasaka mzee Lugembe anakuja kuona mashine ikituma. Nimeitoa M2, nyumba isije ikasikia nilichosikia mimi.

Fikiri


Dar es Salaam
15 Aprili 2006

Fikiri,

Marahaba. Barua yako nimeipata sasa hivi na kesho ni Pasaka, najua hii haitakuwahi, naandika hivyo hivyo. Mwambie Levina. Kama huwezi, nipe ruhusa nipige mimi, mimi nina uso mkavu.

Amon


Tura
26 Aprili 2006

Kaka,

Shikamoo. Ukiona hapo juu nimeandika Tura, umeshajua.

Mama mzima. Amenipokea bila kuuliza, akanipa jembe. Barua yako ya Pasaka imepitia Gongoni, Levina ameituma huku na mtu wa treni.

Jumatatu ile mzee Lugembe alikuja na shati jeupe, akaweka kiti karibu na mashine. Kwa kuwa mimi nilikuwa sebuleni, Mkwe alikuwa jikoni akimpikia kaka yake pilau. Nikapiga, ikashika. Lugembe akasema tukuandikie wewe, tuandike Lugembe anakusalimia na anauliza utaoa lini. Levina akachapa, mzee anamsimamia, anataka jina lake lianze na herufi kubwa. Alikuwa amechangamka, kaka. Alisogeza kiti. Nikaona leo inawezekana.

Harufu ya pilau ikaja kwanza. Nikajua imeiva, nikajua anataka kuleta na hawezi kuleta mpaka ajue kama nipo. Niliitazama ile taa ya CD. Ikazimika.

Tukapiga tena, ikazimika tena.

Lugembe akaniuliza, "Tatizo nini?" Hakuuliza kwa ubaya. Levina akanigeukia, na yeye akawa anasubiri. Jibu lilikuwa hapa mdomoni, maneno matatu tu, simu ya jikoni. Ningesema, dada yake angeaibika mbele yake na mimi ningekuwa fundi.

Nikasema, "Ni mimi, mjomba. Sijaielewa."

Akasema, "Angalau umesema kweli." Akaniambia niage vizuri. Mimi nikatoka nje, pilau likaja.

Levina alinisindikiza stesheni. Hakulia. Aliniambia, "Kuna kitu unakijua hukisemi." Nikamwambia treni inakuja. Haikuwa inakuja, tulikaa pale mchana kutwa.

Huku tunavuna. Vijana wananiita mtaalamu. Ruhusa ya kupiga sikupi.

Fikiri


Dar es Salaam
19 Mei 2006

Mdogo wangu Fikiri,

Marahaba. Ingekuwa nakuona ningekuzaba kofi kisha ningekununulia soda.

Kaa chini usome. Jumapili Justus aliniita kwenye kibanda cha intaneti Buguruni, akasema kuna barua yangu kwenye mashine kutoka Tabora. Nakunakilia kwa mkono, neno kwa neno, kwa sababu wewe huna pa kuisomea. Imetoka kwa Levina:

"Shemeji Amon, shikamoo. Natumaini ndiyo hii anwani. Tangu Fikiri aondoke, jioni nikitoka kushona nakaa kwenye mashine peke yangu, nikakuta haikati. Nikapiga mchana siku ya mapumziko, haikati. Mjomba akacheka sana, akasema kumbe mbovu alikuwa mtu. Mimi niliumia. Mama hakucheka. Aliniuliza mbona kwangu haikati, nikasema sijui. Akarudi jikoni.

"Jana akaniita jikoni, mashine ikiwa inaongea. Akainua mkono wa simu, akaniambia nenda kaangalie. Nikaenda, imekata. Tukapiga upya, akainua tena, imekata tena. Akakaa kwenye kigoda. Akaniuliza, 'Alijua huyu?' Nikamwambia nadhani alijua. Akasema, 'Na kaka yangu alikuwa amekaa pale pale.' Akakaa pale mpaka ugali ukaungua.

"Leo ametoka kwa Mjomba, alikwenda mwenyewe kwa miguu baada ya ibada. Walichoongea hakusema. Mjomba sasa hivi yupo hapa sebuleni, anaangalia miguu yake. Mama yuko mlangoni, anataka niandike anavyosema. Anasema hivi: Amon, mimi kumwambia kijana wenu siwezi, wewe unaweza. Mwambie simu ya jikoni fundi ameing'oa. Mwambie watu wanakuja na barua zao, wanarudi nazo. Mwambie mke wake hali chakula vizuri. Basi."

Hiyo ndiyo barua. Ilitoka Gongoni ikafika Buguruni kabla Justus hajamaliza sigara, na kutoka hapa kuja kwako itachukua siku ngapi hata posta hawajui.

Uliniuliza kuhusu kuja. Karakana nilitoka kabla ya Krismasi. Nalala kwa Justus chini. Nauli ningeipata wapi. Sasa umejua, mama usimwambie.

Amon


Tura
30 Mei 2006

Kaka Amon,

Shikamoo. Barua imefika jana, nimeisoma shambani na nimeisoma tena nyumbani. Mama nimemwambia. Nisamehe, aliniona usoni akaniuliza. Anasema mpunga upo, kitanda kipo, na hajakuuliza kazi.

Mimi nina tiketi ya treni ya kesho. Sijui nitaingiaje pale. Nadhani nitapita mlango wa mbele, yeye atakuwa uani, na hakuna atakayesema kitu. Nitamkuta Levina, nitakaa kwenye kiti, nitapiga.

Ukijibu usilete Tura. Andika Gongoni, kwa mashine. Nitakuwa nimekaa pale.

Mdogo wako,
Fikiri